Kabla ya Kuhubiri Japani, Kijana wa Rumonge Hurudi Darasa la Kwanza

Barabara ya RN3 ikitoka Bujumbura kwenda kusini haiachani na ziwa. Unapita Mugere, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871, unapita Kabezi na Magara, na baada ya kilomita 70 na ushei unaingia Rumonge: michikichi kila upande, mawese sokoni, ndagala zimeanikwa, adhana na kengele ya kanisa zikisikika katika mtaa mmoja. Gari lililokuleta huenda ni Probox au Hiace iliyotumika Japani kwanza, ikavuka bahari na kufika hapa na usukani wake wa kulia. Baadhi ya magari hayo bado yana maandishi ya wenyewe wa mwanzo mlangoni. Kwenye mitumbwi ya wavuvi, mashine nyingi ni Yamaha. Kijapani kimefika Rumonge siku nyingi, ila wa kukisoma ni wachache mno.

Lakini ufuko huu una njia moja ya zamani inayoweza kumfikisha kijana kwenye maandishi hayo, na haipitii biashara ya magari. Ni njia ya utawa. Kijana wa Rumonge, Nyanza-Lac au Uvira akiingia Shirika la Wamisionari wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, wanaojulikana zaidi kama Waksaveri, anaelezwa mapema kwamba wito huu ni wa kutoka kwenu, kwenda kwa wasioijua Injili, na kwa maisha yote. Nchi za kutumwa ni nyingi: Bangladesh, Indonesia, Brazil, Mexico. Japani nayo imo, na pengine ndiyo inayomdai mtu muda mrefu zaidi kabla ya kumruhusu afungue kinywa mbele ya watu.

Nimeamua kuandika juu ya muda huo wa kudaiwa. Wengi wetu tunadhani mafunzo ya mmisionari ni falsafa na teolojia, na lugha ni kama chanjo ya safari, jambo la kumalizwa haraka ili kazi ianze. Historia ya Rumonge inanifundisha vingine. Kujifunza lugha ndiyo kazi ya kwanza ya umisionari, na ndiyo inayoonyesha kama huyu aliyekuja amekuja kukaa na watu au amekuja kuwasemea.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza waliondoka Marseille, wakapita Zanzibar na Bagamoyo, wakafuata njia ya misafara hadi Tabora. Hapo msafara uligawanyika: wengine kuelekea Ziwa Nyanza na Uganda, wengine Tanganyika. Padri Pascal, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Tanganyika, alifia njiani. Waliobaki walifika Ujiji Januari 1879, na mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wakaweka kambi Rumonge. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa misheni ya Kikatoliki katika nchi ambayo leo ni Burundi.

Aliyewatuma, Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, alikuwa amewapa masharti magumu. Wakae watatu au zaidi, kamwe wasipungue. Wavae na wale kwa namna iliyo karibu na wenyeji. Tena, baada ya miezi sita, wasizungumze wao kwa wao ila kwa lugha ya watu wanaoishi nao. Hebu fikiria sharti hilo la mwisho. Wafaransa wawili mezani, jioni, wana homa, wamechoka, na hawana ruhusa ya kulalamika kwa Kifaransa. Lavigerie alijua kwamba mtu akiruhusiwa kupumzika katika lugha ya kwao, atajenga nyumba ndani ya lugha hiyo na kufunga mlango.

Pale Rumonge walikuwa na Kiswahili walichookota njiani, lugha ya wafanyabiashara wa Ujiji na ya mitumbwi. Kirundi cha vilimani kilikuwa jambo jingine. Walikaa miezi 21 tu. Tarehe 4 Mei 1881, katika mzozo juu ya mtu mmoja aliyekuwa chini ya hifadhi yao, watu wa chifu Bikari waliwashambulia. Padri Deniaud, Padri Augier na Félix d'Hoop, msaidizi wao Mbelgiji, waliuawa. Misheni ilifungwa. Mapadri walikuja kukita mizizi katika nchi miaka mingi baadaye, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899.

Sitaki kusema kwamba lugha pekee ingewaokoa. Kulikuwa na utumwa, bunduki na ugomvi wa madaraka uliokuwapo kabla yao. Ila miezi 21 ni muda wa kujua kuomba maji na kuuliza njia. Hautoshi kumjua jirani yako anaposema jambo kwa kulizungushia, wala kuelewa hasira yake imetoka wapi. Waliowafuata walijua hivyo. Mwaka 1903 Padri van der Burgt, Mholanzi, alichapisha kamusi kubwa ya Kifaransa na Kirundi, ambamo maana zimetajwa kwa kifupi kwa Kiswahili na Kijerumani pia. Kamusi ya namna hiyo haiandikwi na mtu mwenye haraka. Ni miaka ya kuuliza, kusahihishwa na kuuliza tena. Na kuwapo kwa Kiswahili ndani yake kunaonyesha lugha yetu ilivyokuwa daraja la wageni hawa kuelekea Kirundi.

Waksaveri walikuja baadaye sana. Guido Maria Conforti aliwaanzisha Parma, Italia, mwaka 1895, akiwa na nchi moja tu moyoni: China. Alichagua jina la Fransisko Ksaveri kwa kuwa huyo alifariki mwaka 1552 kwenye kisiwa cha Shangchuan, China ikiwa mbele ya macho yake. Wakomunisti walipoishika China, wamisionari wakaanza kuondolewa, na shirika likalazimika kutafuta milango mingine. Mlango mmoja ukawa Japani. Mwingine ukawa Ziwa Tanganyika: Uvira mwaka 1958, kisha Burundi katika miaka ya 1960. Ndiyo maana nasema njia ya Rumonge kwenda Japani ni ya zamani. Ufuko wetu na visiwa vile viliingia kwenye ramani ya shirika hilo kwa sababu moja.

Na ziwa hili limewagharimu. Tarehe 28 Novemba 1964, katika vita vya waasi wa Simba nchini Kongo, Waksaveri Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliuawa Baraka, ng'ambo ya pili ya maji, na Giovanni Didonè akauawa Fizi pamoja na padri wa jimbo, Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Upande wetu, Buyengero, katika vilima vilivyo juu ya Rumonge, mapadri Ottorino Maule na Aldo Marchiol waliuawa tarehe 30 Septemba 1995 pamoja na mlei Catina Gubert. Kijana wa Rumonge anayeingia malezi ya Waksaveri anaingia nyumba ambayo watu wake waliuawa karibu na kwao. Hilo si jambo dogo, na wazazi wanalijua.

Sasa, maisha ya malezi yenyewe. Mtu wa nje hufikiri ni sala tupu. Ni kuamka kabla ya jua, masifu ya asubuhi, misa, kisha ufagio, jembe, vyombo. Darasani ni falsafa, tena kwa Kifaransa. Mchana ni maharage yaliyoungwa kwa mawese, na ndagala zikipatikana. Jioni mpira, masifu ya jioni, kusoma, kimya. Baada ya falsafa unakuja unovisi, mwaka wa kujitenga na kupima wito, ndipo zinapowekwa nadhiri za kwanza. Teolojia husomwa katika nyumba za kimataifa za shirika, na hapo ndipo kijana huanza kulipa deni la lugha. Akipangiwa Parma, ni Kiitaliano. Manila, Kiingereza. Mexico, Kihispania. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kihispania kichwani, amesoma Augustino na Thomaso wa Akwino, amepewa upadrisho, halafu anateremka Japani na kukabidhiwa orodha ya herufi 80 za kanji ambazo Wajapani huwafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Kijapani kina mifumo mitatu ya maandishi inayotumika kwa pamoja. Hiragana ina herufi za msingi 46, katakana nayo 46, na hizo mtu mwenye bidii huzishika katika wiki chache. Kisha inakuja kanji. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136, na mtoto wa Kijapani huhitimu shule ya msingi akiwa amefundishwa 1,026. Padri mwenye miaka 30 na zaidi anaingia katika foleni hiyo akiwa nyuma ya mtoto wa miaka saba.

Tuchukue moja tu, herufi ya ziwa: 湖. Wajapani huisoma mizuumi, na watoto hufundishwa darasa la 3. Ina michoro 12, na kila mchoro una zamu yake. Unaanza kushoto na matone matatu ya maji, mawili yakishuka na la tatu likipanda. Unakuja katikati: mstari wa kulala, mstari wa kusimama, kisha kisanduku kidogo chini yake, hiyo peke yake ni herufi ya kitu cha zamani. Unamalizia kulia kwa herufi ya mwezi, michoro minne, ule wa pili ukiwa na ndoano chini. Yote hayo lazima yakae ndani ya mraba mmoja wa daftari, bila sehemu moja kuisukuma nyingine. Ukikosea zamu, mwalimu anaona kwa umbo tu, kwa sababu mkono uliopita njia isiyo yake huacha alama. Unarudia mraba wa pili, wa tatu, hadi ukurasa uishe. Kesho kuna nyingine.

Kwa upande wa matamshi, mtoto wa ufuko huu ana akiba ambayo huenda haijui. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama Kiswahili na Kirundi. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Jina Rumonge huandikwa kwa katakana nne bila shida: ru, mo, n, ge. (Burundi yenyewe Wajapani huiita Burunji.) Mfaransa na Mwingereza hutoka jasho pale ambapo sisi tunapita. Na kuna kitu ambacho Kirundi kinampa mtu na Kiswahili hakimpi: Kirundi hutofautisha irabu ndefu na fupi, na kina toni. Kijapani ndivyo kinavyodai. Obasan ni shangazi au mama mdogo. Vuta ile a ya katikati, obaasan, umemwita bibi. Koko ni hapa. Vuta zote mbili, unasema shule ya sekondari. Kijana aliyelelewa na bibi yake kwa Kirundi safi ana sikio lililokwisha kunolewa. Aliyeona haya Kirundi cha nyumbani na kukiacha njiani amejinyima.

Heshima nayo. Kula kwa kawaida ni taberu. Ukisema mzee anakula, ni meshiagaru. Ukisema wewe mwenyewe unakula mbele ya mkubwa wako, unajishusha kwa itadaku. Kwetu mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Atasema mzee, atasema mama fulani kwa jina la mwanawe, atapokea kitu kwa mikono miwili. Kwa hiyo wazo la kupima maneno kwa kumtazama aliye mbele yako si geni kwake. Kinachomsumbua ni kitenzi kukaa mwisho wa sentensi, na kikanushi kikifuata hukohuko mwisho. Unamsikiliza mtu mpaka tamati ndipo ujue kama amekubali au amekataa. Usimkatize, basi. Mmisionari aliyezoea kujibu kabla mwenzake hajamaliza atafundishwa subira na sarufi yenyewe.

Wamisionari wa Afrika Mashariki na Kati si wageni tena Japani. Makasisi Wakongo wanahudumu katika parokia za huko. Lakini ni nchi ambayo Wakatoliki hawafiki asilimia 1 ya watu, na hapo nadhani Rumonge inampa mtu maandalizi ambayo seminari haiwezi kumpa. Hapa kwetu Mwislamu na Mkristo hukutana katika ukoo mmoja, hupikiana sikukuu, huzikana. Waliorudi kutoka Mishamo, Ulyankulu na kambi za Kigoma baada ya miaka ya ukimbizi walirudi na Kiswahili cha Tanzania na mazoea ya kuishi na watu wa kila aina. Mtu wa namna hiyo hashtuki akiwa mmoja kati ya wengi wasioamini kama yeye.

Katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani, Mksaveri Franco Sottocornola alianzisha mwaka 1987 kituo cha sala na majadiliano ya dini kiitwacho Shinmeizan, kwa urafiki na mtawa wa Kibuddha, Tairyu Furukawa. Hekalu la Furukawa lina jina la Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné, Gabon. Mbuddha wa Kijapani akaliita hekalu lake kwa jina la mmisionari wa Afrika ya Kati! Urafiki wa kiwango hicho hauzaliwi kwa mkalimani.

Fransisko Ksaveri mwenyewe aliligundua hilo. Mwaka 1542, akielekea Goa, meli yake ilitia nanga Malindi, na huko mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kwamba mji una misikiti 17 ila watu huenda mitatu tu. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, alishuka Kagoshima. Katika barua aliyoiandika huko alikiri kwamba kwa kukosa lugha walikuwa kama sanamu katikati ya watu. Aliyekuja kukimudu Kijapani ni mwenzake, Bruda Juan Fernández, ambaye hata wasomaji wa historia ya Kanisa wengi hawamjui. Mimi ningependa vijana wetu wamjue Fernández kama wanavyomjua Ksaveri.

Na tusisahau kwamba ziwa hili limeona safari hiyo ya kujifunza lugha ikifanywa kutoka Japani kuja huku. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale, kusini mwa Kigoma. Alijifunza Kiswahili, akaishi na Watongwe, akaandika majina ya mimea kwa lugha yao. Wataalamu wa samaki kutoka Kyoto nao waliweka kambi Uvira, na mwaka 1993 Michio Hori akaeleza katika jarida la Science habari za samaki wa Tanganyika wanaokula magamba ya wenzao, wengine midomo ikiwa imepinda kushoto, wengine kulia. Wajapani hao walikubali kurekebishwa na wavuvi na wawindaji wa huku, na elimu waliyotoka nayo imesimama hadi leo.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande tatu. Wakubwa wa mashirika: msipunguze miaka ya lugha kwa sababu parokia ina upungufu wa mapadri. Miaka miwili ya darasani ni michache tayari. Wazazi wa Rumonge, Nyanza-Lac na Buyengero: kijana akiandika kutoka mbali kwamba mwaka mzima anachora herufi na bado hajabatiza mtu, msidhani amepotea. Nanyi vijana mnaopima wito huu, msingoje ndege. Hiragana 46 zinapatikana kwenye simu, leo jioni. Mkimaliza, nendeni mkakae na bibi zenu mkanoe Kirundi, na Kiswahili chenu cha sokoni mkiandike kwa usahihi. Baada ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi shuleni. Ninawasihi walimu wa ukanda huu waandae masomo ya awali ya Kijapani yanayofafanuliwa moja kwa moja kwa Kiswahili, ili mtoto wa ufuko asilazimike kupitia Kifaransa kwenda kwenye lugha ambayo kwa sauti iko karibu zaidi na ya kwao.